Shitingi Ilikatwa kwa Mkasi

Gitega, baada ya Alasiri, na kesho unaondoka

Zuhura mwanangu,

Mama yako yuko chumbani anafungua valizi yako ya safari kwa mara ya tatu. Ameweka maharagwe ya Bugendana, ameyatoa, ameyarudisha. Mambo ya koti na ya kula na ya kutokula atakueleza yeye, na najua hutasikia hata nusu. Mimi nimejifungia huku kibandani, katikati ya chaja na redio za watu zilizokufa, nimefunga mlango mchana kweupe. Wateja wanagonga. Wagonge tu. Nina hasira leo, na usidhani ni juu yako.

Ni juu yangu. Wiki nzima nimejaribu kukuambia kitu kimoja. Jumatatu nilianza, ukanikata, eti baadaye: "Papa, après, mi niko nangoja simu ya viza." Jumatano nikaanza tena, akaingia jirani kukupongeza, akakaa mpaka chai ikapoa. Jana nilikuwa nimeshafungua mdomo, umeme ukarudi, ukakimbia kuchaji kompyuta yako. Na kila ulipokimbia, mwanangu, nilishukuru! Mtu mzima mwenye ndevu nyeupe anashukuru umeme kurudi kwa sababu umemwokoa kusema kweli kwa binti yake. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Karatasi haikimbii kuchaji kompyuta.

Mji mzima unajua kwamba filamu yako imechaguliwa. Ijumaa imamu ametangaza msikitini kwamba mtoto wetu anakwenda Ulaya kwenye tamasha la kimataifa, kushindana na watu wa dunia nzima. Sokoni wananiita Baba Sinema. Nasikia kuhusu majaji, kuhusu ile sanamu ya mshindi, kuhusu shule ya filamu ya miaka miwili inayokungoja huko huko tamasha likiisha. Natabasamu mpaka mashavu yananiuma. Halafu narudi nyumbani, nakuta ukutani ule ukurasa wa kitabu cha tamasha uliouchapisha na kuubandika juu ya televisheni. Jina lako. Jina la filamu yako: Waliopita Usiku. Na chini yake yale maneno yao ya Kifaransa uliyonisomea mara mbili, kwamba bibi kizee wa Butihinda, yaani mama yangu, anasimulia wezi wasio na sura, na kwamba sentensi yake moja inabeba filamu nzima.

Hiyo sentensi si ya Bibi. Ni yangu. Niliitunga mimi, mezani kwetu, na wewe ukaiandika.

Usiitupe barua. Soma mpaka mwisho, maana nikikatizwa tena leo sitapata moyo mwingine. Na niache nianze mbali kidogo, kwa sababu nikianza karibu nitajitetea.

Kazi yangu ya ujana unaijua kwa masimulizi tu. Muyinga, kabla ya kuhamia Gitega kwa mama yako, nilikuwa na nyumba ya sinema: televisheni moja, deki moja ya kanda za video, mabenchi sita na mdomo wangu. Filamu zilikuwa za Wachina, za Wahindi, za Wamarekani. Watu hawasikii zile lugha, basi mimi nilisimama kando na maiki nikamsemea kila mtu: polisi, jambazi, bibi harusi, hata mbwa. Wewe ulikuwa unafikiri baba yako anajua Kichina. Kichina sijui hata salamu! Nilitazama midomo inafunguka kiasi gani, nikaweka maneno yanayoenea humo. Watu walicheka, walilia, walirudi kesho yake. Wengine walikuja wamekwisha kuiona filamu ile ile mara mbili, ili wasikie tu safari hii nitasema nini.

Nilijua sana kazi hiyo, na imeniharibu.

Unakumbuka usiku wa uwanja wa mpira? Ulikuwa na miaka kumi. Kulikuwa na tamasha la filamu za nchi mbalimbali lililokuja mpaka hapa Gitega kwa usiku mmoja, wakasimamisha kitambaa cheupe kikubwa golini. Wakatafuta mtu wa kutafsiri kwa maiki, wakaelekezwa kwangu. Nilikuvalisha gauni la Idi. Ulikaa mbele kabisa, juu ya kreti ya soda. Kulikuwa na zawadi ya watazamaji, na kura zilipigwa kwa maharagwe: kila mtu punje moja, na mwisho anaidondosha kwenye kikapu cha filamu aliyoipenda.

Filamu ya mwisho ilikuwa ya msichana mmoja wa Uvira, mdogo tu, kama ulivyo wewe sasa. Ilikuwa ya Kifaransa, na Kifaransa nakisikia vya kutosha, kwa hiyo siku ile sikuwa na udhuru. Mama mmoja anampeleka mtoto wake kwa shangazi, anamwacha mlangoni, anaondoka. Haneni neno. Kamera inamtazama mgongo mpaka anapotea. Inaishia hapo.

Watu wakaanza kuguna. Mwanamke nyuma yangu akapaza sauti, "Mama gani huyu, sha!" Mimi guno nalijua tangu Muyinga, likianza, kesho benchi ni tupu. Na yule mama kwenye kitambaa alikuwa ametupa mgongo. Mgongo hauna mdomo wa kunisuta. Nikashika maiki nikasema kwa sauti ya kike: "Ningoje hapo mwanangu, mama anakwenda kukuchotea maji, anarudi sasa hivi." Uwanja mzima ukapiga makofi. Kikapu cha yule msichana kikajaa maharagwe mpaka yakamwagika chini.

Alipoitwa kupokea zawadi, akitokea nje kwenye jenereta ambako hakunisikia, alikuwa analia kwa furaha. Mzee mmoja akaomba maiki, akamshukuru kwa adabu kabisa: "Asante binti kwa kutuambia mama atarudi. Mi nilikuwa nimeshakasirika." Yule msichana akamtazama. Akauliza, "Atarudi wapi? Kwa filamu yangu mama harudi." Watu wakacheka, wakadhani anafanya mzaha. Akauliza nani alikuwa anatafsiri, wakanionyesha. Akanijia na ile zawadi mkononi, hakupiga kelele. "Papa," akasema, "batu bote hapa baliona filamu yako. Yangu hakuna mutu ameiona." Akaiweka zawadi juu ya meza yangu, kando ya maiki, akaondoka.

Tukiwa njiani kurudi uliniuliza kwa nini dada amekasirika na huku ameshinda. Nikakujibu kwamba ana kiburi. Nikasema hivi vijana vikipewa kamera vinavimba kichwa. Ukaniamini, ukanishika mkono, ukasema mi nikiwa mkubwa sitakuwa na kiburi. Miaka kumi na miwili nimebeba hayo maneno yako! Ile zawadi nilimpa mlinzi wa uwanja aipeleke kwa wenyewe. Sijui kama aliipeleka.

Ungefikiri nimejifunza. Mimi mwenyewe nilifikiri hivyo. Hapa Gitega nilikuwa bado naitwa kuonyesha filamu hapa na pale; niliacha maiki, nikafungua kibanda hiki, na kila aliyeniuliza nilimwambia biashara ya sinema imekufa kwa sababu ya simu. Uongo mwingine huo, mdogo. Niliacha kwa aibu.

Sasa tuje Butihinda.

Kiangazi kilichopita ulipoazima ile kamera ukasema unataka kumpiga filamu Bibi, nilikuwa wa kwanza kupakia mizigo. Mama yangu mbele ya kamera ya binti yangu, nani angekataa? Siku mbili alikupa Kiswahili chake chote: alivyotoka Fizi akiwa msichana, Mbembe aliyeolewa na fundi cherehani Mwislamu wa Muyinga, babu yako alivyomfundisha kushona, alivyokufa akamwachia cherehani, vita vilipokuja alivyokiondoa kichwa cha cherehani mezani, akakifunga kwa kitenge, akakibeba kichwani mpaka Tanzania, mimi nikimfuata na sufuria. Ulizipiga zile picha vizuri sana. Mikono yake ile, na ukimya wa nyumba. Nilisimama nyuma yako nikajisemea huyu mtoto ana jicho.

Siku ya tatu ukamuuliza: "Bibi, na mashini ilienda wapi?"

Aliniangalia mimi, si wewe. Kisha akaanza kusema Kibembe, taratibu, bila kusimama, mtu ambaye miaka yote hamjamsikia akikitumia isipokuwa anapoomba dua zake za kizamani au anapomgombeza mbuzi. Wewe ukaninong'oneza, "Papa, Bibi iko nasema nini?" Nikakuambia endelea kupiga, nitakutafsiria nyumbani. Jasho lilikuwa linanitoka mgongoni. Ulidhani ni jua.

Nilikuwa na siku nne za kujiandaa kusema kweli. Tukakaa mezani, wewe na kompyuta, mimi na glasi ya chai. Ukachezesha. Nikamtazama mama yangu kwenye kioo, midomo yake inafunguka na kufunga, na mkono wangu ukatafuta maiki isiyokuwepo. Nikasema: "Walipita usiku, wakaichukua mikono yangu, na sikuona hata sura moja." Ilienea kabisa, mwanangu. Ilienea kinywani mwake kama kofia kichwani. Ukaacha kuandika, ukalia, ukanikumbatia. "Papa," ukasema, "hii ndiyo titre, jina la filamu." Ningekuambia nini wakati ule, umenishika shingo unalia?

Ningekuambia kweli. Jibu ni jepesi, na bado linanitia hasira kwa wepesi wake.

Basi hii hapa. Kule kambini, nikiwa na miaka kumi na saba, mama yangu alikuwa amekifunga kile kichwa cha cherehani juu ya kasha la mbao, anakizungusha kwa mkono. Alishonea watu wa kambi nzima. Tulikula kwa cherehani ile. Mimi nilikuwa fundi wake msaidizi: kukata, kupiga pasi, kutia vifungo. Nilichoka. Niliona aibu kukata magauni ya watu wakati vijana wenzangu wako sokoni. Na huko sokoni, nje ya kambi, kulikuwa na mfanyabiashara aliyekuwa na deki na televisheni anataka kubadilishana. Akaniambia lete mashine ya kushona, chukua vyote viwili.

Nilingoja mama aende kwenye kesha la msiba. Nikakitoa kichwa cha cherehani, nikakipeleka. Kisha nikarudi kutengeneza wizi. Shitingi, ile plastiki nyeupe tuliyopewa wakimbizi kuezekea na kuzungushia, nikaipasua nyuma ya kitanda chake, ionekane wezi wamepita pale. Mama aliporudi nilikuwa nimekaa chini nalia. Machozi yalikuwa ya kweli, ndilo jambo la ajabu. Nikamwambia wezi wamekuja, nilikuwa nimelala, sikuona mtu.

Hakupiga yowe. Alikwenda nyuma ya kitanda, akaishika ile shitingi pale ilipopasuka, akaitazama muda mrefu. Akasema, "Haya." Kesho yake akatafuta jembe, akaanza kwenda kulima mashamba ya watu nje ya kambi kwa kibarua. Ile mikono uliyoipiga picha kwa karibu, ile migumu ambayo watu wa tamasha wameisifia, si cherehani iliyoifanya hivyo. Ni mimi.

Nilifungua sinema kambini na mtu mwenye jenereta. Nikarudi nayo Burundi, nikaifungua Muyinga. Nilimpelekea mama sukari, sabuni, vitenge. Alipokea, akashukuru. Hajawahi kuingia kwenye sinema yangu hata siku moja, na mimi nikawa nawaambia watu mama yangu ni mtu wa dini, hapendi filamu.

Wiki iliyopita nilikwenda Butihinda kukuombea baraka. Nilimkuta anapepeta maharagwe. Kabla sijamaliza salamu akaniuliza kwa Kibembe, "Ulimwambia mtoto niliyosema?" Nikajibu, "Nilimwambia." Akaniuliza, "Akasemaje?" Nikasema, "Alilia." Unaona nilivyo fundi? Kila neno ni kweli na yote ni uongo. Akatikisa kichwa, akaingia ndani, akatoka na kitu amekifunga kwa kipande cha kitenge. "Mpe yeye sasa," akasema. "Kama anajua, ni chake." Njia nzima kutoka Muyinga nilikikalia kwenye gari sikukifungua. Nimekifungua leo asubuhi mbele ya mama yako, nikamweleza yote. Alisema, "Yoo! Miaka yote hii?" akarudi kwenye valizi. Ndiyo maana anaifungua na kuifunga vile. Usimuulize kitu mpaka umalize kusoma.

Sasa maneno ya Bibi. Nimekaa na ile video kwenye simu tangu saa nne, nimeyasikiliza mpaka betri ikaisha, nikaichaji, nikayasikiliza tena. Sikuongeza kitu. Nimeyapima kwa saa, yanaenea kwenye zile picha zile zile, kwa hiyo kwa hili tu kazi yangu ya zamani imekufaa. Andika hivi:

"Sikuibiwa na wezi. Mwizi hana mkasi. Mwizi anararua kwa kisu, haraka haraka. Shitingi yangu ilikatwa kwa mkasi, mkasi wangu mimi, wima kabisa, kutokea ndani. Na aliyekata aliacha upana wa kidole kila upande, nafasi ya kukunja pindo, kama nilivyomfundisha. Nilipoona hiyo nafasi nilijua. Niliishona siku ile ile kwa mkono, kwa pindo alilonibakizia. Jioni nikitoka kulima nilipita nyuma ya nyumba yake ya sinema. Nilisimama. Nilisikia sauti yake inawasemesha watu wengine na watu wanacheka. Nikasema, basi, amepata kazi. Cherehani siitaki tena. Nangoja aniambie. Nimeanza kungoja hana ndevu, leo ndevu zake ni nyeupe. Na haya nayasema kwa Kibembe, mjukuu wangu, ili lazima ayapitishe kinywani mwake ndipo yakufikie."

Ndiyo hayo. Alinipa mlango, mwanangu, nami nikaujengea ukuta. Nikisoma pale anaposema nilisimama, nilisikia, naona uchungu mpaka kalamu inanitoka. Alikuwa nyuma ya ukuta wa matete na jembe begani, nami ndani nawachekesha watu!

Mambo mawili, na si amri.

La kwanza, usiniamini. Ungemuuliza zamani yule mama wa Fizi anayeuza vitenge sokoni, angekutafsiria dakika moja. Hukumuuliza kwa sababu mtafsiri alikuwa baba yako. Kesho kabla ya gari la Bujumbura soko litakuwa limeshafunguliwa. Mchezeshee, mwache asikilize bila wewe kumwambia kitu. Akikupa maneno tofauti na haya yangu, andika ya kwake.

La pili ni hilo tamasha. Ulinisomea sheria zao: picha haiguswi tena, lakini sutitre, yale maandishi ya chini, unaweza kuyasahihisha mpaka siku ya kufika. Kwa hiyo njia ipo. Lakini jina la filamu limeshachapishwa, na waliokuchagua walipenda wezi wasio na sura. Ukiyabadilisha, labda watasema hii si filamu tuliyoichagua, wakuondoe kwenye mashindano. Labda majaji hawataipenda. Labda utasimama pale unaeleza kwamba baba yako ni mwongo, mbele ya watu waliovaa suti. Nafasi uliyoipigania mwaka mzima naweza kuwa nimeivunja kwa glasi moja ya chai. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote, kuliko hata cherehani, kwa sababu wakati wa cherehani nilikuwa mtoto.

Na ukiyaacha kama yalivyo? Wabembe wametawanyika dunia nzima, hata huko uendako wapo. Atakaa mmoja gizani, atasikia Bibi anasema hivi, atasoma chini vile, nawe utakuwa jukwaani na sanamu mkononi. Nilimwona yule msichana wa Uvira ameshika zawadi ya filamu ambayo si yake. Nilikuwa karibu, niliuona uso wake. Sitaki kuuona kwako, wala sitaki uwe nao mahali nisipokuona. Lakini uamuzi ni wako. Mimi nimekwisha kukuamulia mara nyingi mno bila wewe kujua.

Kilichomo ndani ya kitenge ni mkasi wa Bibi. Ndio ule ule. Ameutunza, ameunoa, unakata mpaka leo. Uweke kwenye valizi kubwa, si kwenye mkoba wa mkononi, uwanja wa ndege watakunyang'anya. Haya, na mimi nimetoa agizo la safari, mama yako asiseme sikusema kitu.

Kesho tutakusindikiza mpaka kwenye gari, na nitaomba unitazame, hata kama ni kwa hasira. Ukishika njia ya Bujumbura, mimi nashika ya Muyinga. Nitafika Butihinda jua likiwa bado juu. Nimejaribu kupanga nitakavyosema, na kila nikipanga naona natengeneza maneno ya kuenea. Basi sipangi tena. Nitasema nilikata mimi.

Kitu cha mwisho, nilikuwa nakaribia kukisahau. Kule mwishoni, Bibi anapomaliza kusema, kuna sekunde nyingi anatazama pembeni ya kamera. Pale nilikuambia ananong'ona, ukaandika: "Mungu anazijua sura zao." Hakunong'ona kitu. Midomo ilitikisika tu kwa uzee. Alikuwa ananitazama mimi, nimesimama nyuma yako, anangoja nifungue mdomo.

Futa hiyo sentensi. Pale chini usiandike neno.

Baba yako